Istilahi za tiba, biolojia na kemia hazikai kichwani. Nifanyeje?

"Shikamoo Mwalimu. Niko mwaka wa kwanza wa masomo ya uuguzi na nimeanza kukata tamaa. Kila jioni naandika istilahi mpya 40 kwenye daftari, upande mmoja neno, upande wa pili maana, kisha nasoma mara tano au sita mpaka naona zote nimezishika. Siku ya mtihani kichwa kinakuwa kitupu. Nachanganya haipa- na haipo-, ureta na yuretha, na kwenye kemia ndiyo kabisa, salfaiti na salfeti naona ni kitu kimoja. Mwenzangu mmoja amenishauri nijifunze Kigiriki na Kilatini kwanza. Mwingine anasema kumbukumbu yangu ni dhaifu, nibadili kozi. Isitoshe, nasoma kwa Kiingereza lakini kichwani nafikiri kwa Kiswahili. Je, tatizo ni mimi?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo zito kuliko yote. Hapana. Katika maelezo yako sioni dalili yoyote ya kumbukumbu dhaifu. Naona mtu mwenye bidii anayetumia njia inayompa hisia ya kujua bila kumpa uwezo wa kukumbuka. Usibadili kozi kwa sababu hii. Badili namna unavyokaa na lile daftari.

Unaposoma neno na maana yake mara ya tano, macho yanalizoea. Ukilikuta linateleza kirahisi, akili inakuambia "hili nalijua". Kumbe unachojua ni kulitambua likiwa mbele yako pamoja na maana yake. Mtihani hauulizi hivyo, na wodi haiulizi hivyo. Pale unapewa hali ya mgonjwa na wewe ndiye unayetakiwa kulitoa neno kichwani, au unapewa neno peke yake na unatakiwa kulieleza. Kutambua ni kazi moja, kutoa kichwani ni kazi nyingine, na umekuwa ukifanya mazoezi ya ile ya kwanza tu.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Wengine walirudia kusoma, wengine walifunga karatasi wakaandika walichokumbuka. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya siku 2, na tena baada ya wiki moja, mambo yaligeuka: waliojipima ndio waliobaki na mengi zaidi. Tena waliorudia kusoma ndio waliokuwa na uhakika mkubwa kwamba watakumbuka. Soma sentensi hiyo ya mwisho mara mbili, mwanangu, kwa sababu inaeleza jioni zako zote. Ule uhakika unaokujia ukifunga daftari si kipimo cha chochote.

Kuna na jambo la pili. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alikariri orodha za silabi zisizo na maana, kisha akapima amebakiwa na kiasi gani baada ya muda mbalimbali. Sehemu kubwa ilipotea katika saa za mwanzo, halafu kasi ya kusahau ikapungua. Watu hupenda kulinukuu jaribio hilo kuonyesha jinsi binadamu anavyosahau upesi, ila mimi nakuomba uangalie alichokuwa anakariri: silabi tupu. Istilahi ndefu ambayo hujaielewa inavyoundwa ni silabi tupu vilevile. Ndiyo maana 40 kwa jioni zinakuelemea. Kwa wiki ni 280, na kila moja inadai kurudiwa. Hakuna anayebeba mzigo huo kwa kukariri tu.

Sasa fikiria neno hawatatupikia. Hukulikariri popote. Unalielewa papo hapo kwa sababu unajua ha- inakanusha, -wa- ni wao, -ta- ni wakati ujao, -tu- ni sisi, -pik- ni mzizi na -i- inaonyesha jambo linafanywa kwa ajili ya mtu. Mzungumzaji wa Kiswahili anavunja maneno namna hii tangu utotoni bila kujua kwamba anafanya kazi ngumu. Istilahi za tiba zimejengwa hivyo hivyo, na hapo una uwezo ambao hujaanza kuutumia.

Chukua haiponatremia. Haipo- ni pungufu, -natr- ni sodiamu, -emia ni katika damu. Sodiamu pungufu katika damu, basi. Weka -kal- mahali pa -natr- upate haipokalemia, potasiamu pungufu. Weka -glis-, haipoglisemia, sukari pungufu. Badili haipo- iwe haipa- na zote tatu zinageuka kuwa kiwango kilichozidi. Kila mzizi mpya unaouongeza unakuletea maneno mawili kwa mpigo. Na kama umewahi kujiuliza kwa nini alama ya sodiamu ni Na na ya potasiamu ni K, jibu ni hilohilo: zinatoka kwenye majina natriumu na kaliumu, mizizi ileile unayoikuta kwenye majibu ya maabara. Kemia na tiba mnazifundishwa kwa vipindi tofauti, lakini msamiati wake umeshikana. Dhahabu ni Au kwa sababu ya Kilatini aurum, na bakteria Staphylococcus aureus ameitwa aureus kwa rangi ya dhahabu ya makundi yake yanapooteshwa maabara. Staphylo- ni kishada cha zabibu, coccus ni punje. Ukishajua hilo, jina linakuchorea kile utakachokiona kwenye hadubini: punje zilizoshikana kama kishada. Streptococcus ni punje zilezile zikiwa zimejipanga mnyororo.

Kuhusu haipa- na haipo- zinazokusumbua, Kiswahili kimekupa zawadi. Haipo- inasikika sawasawa na haipo yetu ya kila siku. Sukari haipo, haitoshi, imepungua. Ukishalifunga hilo, haipa- inabaki kuwa upande wa pili bila kuhitaji ujanja wowote. Angalizo moja tu: haipo- ni upungufu, si kutokuwepo kabisa. Kutokuwepo kwa kawaida hubebwa na a- au an-, kama anuria, hali ya mtu kutotoa mkojo au kuutoa kidogo mno.

Upande wa mwisho wa neno nao una kazi yake, na hapa usifanye mzaha kwa sababu makosa yake yana madhara. Kolo- ni utumbo mpana. Koloskopia ni kuuangalia kwa ndani kwa kifaa chenye kamera. Kolektomia ni kuuondoa, wote au sehemu. Kolostomia ni kuutoa hadi kwenye ngozi ya tumbo ili kinyesi kipate njia pale. Mzizi mmoja, na watu watatu wanaorudi wodini katika hali tofauti kabisa. Muuguzi anayesoma haraka mwanzo wa neno na kukisia mwisho wake anaweza kumwandaa mgonjwa kwa kitu kisichomhusu. Jizoeze kuanza na mwisho: -itisi, -ektomia, -skopia, -stomia, -emia, -uria. Mwisho unakuambia ni jambo la aina gani, kisha mzizi unakuambia limetokea wapi.

Je, ujifunze Kigiriki na Kilatini kama alivyosema mwenzako? Hapana. Ni lugha nzuri, lakini sarufi na fasihi yake itakula miaka usiyo nayo. Unachohitaji ni viambishi na mizizi mia moja hivi iliyochaguliwa kutokana na masomo unayofundishwa sasa. Jambo moja tu kuhusu lugha hizo litakuondolea mkanganyiko: viungo vingi vina mizizi miwili. Figo ni nefro- kwa Kigiriki na ren- kwa Kilatini. Pafu ni pneumo- na pulmo-. Kwa kawaida, ingawa si sheria, magonjwa na upasuaji huchukua mzizi wa Kigiriki, na majina ya viungo vyenyewe hufuata Kilatini. Kwa hiyo mchochota wa figo ni nefritisi, lakini ateri inayolipelekea figo damu hubeba ren-. Hujakosea kusoma, ni kiungo kilekile.

Lazima pia niwe mkweli kuhusu mipaka ya njia hii, kwa sababu wapo wanaoisifu kana kwamba inamaliza kila kitu. Mzizi unakukaribisha kwenye maana, haukupi ufafanuzi kamili. -itisi ni mchochota, yaani sehemu kuvimba, kuwa nyekundu, kupata joto na kuuma. Wanafunzi wengi huandika "maambukizi", na hapo wanakosa, maana mchochota unaweza kuletwa na dawa, na sumu, au na kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe. -oma wengi huielewa kuwa saratani, lakini hematoma ni damu iliyovilia chini ya ngozi au ndani ya kiungo, na glaukoma ni ugonjwa wa jicho. Mielo- ni mbaya zaidi: mielitisi ni ya ugwe wa neva ulio ndani ya uti wa mgongo, mieloma ni ya uboho wa mifupa. Mzizi mmoja, sehemu mbili za mwili.

Mengine yamebeba makosa ya waliotangulia. Malaria lilimaanisha hewa mbaya, na jina likabaki hata baada ya Alphonse Laveran kuona vimelea katika damu mwaka 1880. Antoine Lavoisier aliipa oksijeni jina lenye maana ya kizalisha asidi, akiamini kila asidi ina oksijeni, na leo unajua kuwa asidi ya haidrokloriki ni HCl tu. Kwa hiyo vunja neno, kisia maana, halafu hakikisha kwenye kitabu. Hatua hiyo ya tatu usiiruke hata siku moja.

Tuje kwenye maneno yanayofanana. Ureta na yuretha, glukagoni na glaikojeni, mitosisi na meiosisi, ileamu na iliamu. Pengine umeyaandika mawili mawili pamoja ili uone tofauti, na ushauri huo hutolewa sana. Kwa maneno mapya kabisa, naupinga. Ukiyaingiza mawili yanayofanana kwa siku moja wakati hata moja halijakaa, kila moja linalivuta lenzake, na unabaki na kumbukumbu kwamba "moja ni hili na jingine ni lile" bila kujua lipi ni lipi. Jifunze ureta peke yake: mrija unaotoka kwenye figo kwenda kwenye kibofu, na iko miwili kwa sababu figo ni mbili. Uchore. Utaje. Wiki ijayo, ureta ikishakuwa yako, lete yuretha, njia moja inayotoka kibofuni kwenda nje. Yakishakaa yote mawili, hapo ndipo uyaweke bega kwa bega na kujipima tofauti. Vivyo hivyo glukagoni, homoni ya kongosho inayopandisha sukari kwenye damu, ikae imara kabla hujaleta glaikojeni, akiba ya sukari iliyo kwenye ini na misuli.

Salfaiti na salfeti, kwa upande mwingine, hazitaki kukaririwa hata kidogo. Zinataka uone kanuni. Mwisho -aidi kwa kawaida unakuambia salfa iko peke yake bila oksijeni: salfaidi. Mwisho -aiti na -eti unakuambia oksijeni imo, na -eti inayo zaidi ya -aiti. Salfaiti ina oksijeni 3, salfeti ina 4. Nitraiti ina 2, nitreti ina 3. Umeona mtego? -eti haimaanishi 4, wala -aiti haimaanishi 3. Mwisho unalinganisha ndugu wawili wa elementi moja. Idadi yenyewe inatoka kwenye fomula. Andika fomula kila unapoandika jina, na ndani ya wiki mbili utashangaa uliwahi kuyachanganya. Kanuni hizi hazikuja kwa bahati. Mwaka 1787 Lavoisier na wenzake watatu wa Ufaransa walitunga mfumo wa majina ya kemia hasa kwa sababu majina ya zamani hayakusema kitu chochote kuhusu kilichomo.

Majina ya dawa nayo yana mfumo. Shirika la Afya Duniani husimamia majina yasiyo ya kibiashara, na dawa za kundi moja hupewa shina moja: -pril, -ololi, -vastatini, -silini. Kariri shina pamoja na kazi ya kundi, si dawa moja moja. Ila shika shina zima. Nimewaona wanafunzi wakisema kila kinachoishia na -azoli ni dawa ya fangasi. Flukonazoli ni ya fangasi, ndiyo, na shina lake ni -konazoli. Omeprazoli hupunguza asidi ya tumbo. Metronidazoli huua baadhi ya bakteria na protozoa. Albendazoli ni ya minyoo. Herufi tano za mwisho hazitoshi kumpa mtu dawa.

Kuhusu Kiswahili kichwani na Kiingereza kitabuni, usione aibu, wala usijilazimishe kufikiri kwa lugha ambayo bado inakuchosha. Kila dhana mpya ielewe kwanza kwa Kiswahili, kwa maneno ambayo ungemweleza mdogo wako nyumbani. Kisha ibandike istilahi. Anayefanya kinyume, anayekariri jina la kigeni akitegemea maana itakuja baadaye, ndiye anayerudi kwenye silabi tupu za Ebbinghaus. Lakini usiishie kwenye Kiswahili, maana faili la mgonjwa na mtihani vitakuja na istilahi ya kigeni, na unatakiwa kuiandika bila kukosea herufi. Itamke kwa sauti, kisha iandike bila kuangalia. Jua kwamba ph husomeka f, ch mara nyingi husomeka k, na p ya mwanzo ikifuatwa na n au s haisikiki. Jua pia kwamba mzizi wa damu utaukuta umeandikwa haem- kwenye kitabu kimoja na hem- kwenye kingine. Ni tofauti ya Uingereza na Marekani tu.

Basi jioni yako iwe hivi. Istilahi mpya zisizidi 10 hadi 15, zote kutoka kwenye somo la siku hiyo. Usifuate kamusi kuanzia A, kwa sababu maneno yanayofuatana kwa alfabeti hayana uhusiano wowote. Kila neno liwe kwenye kadi yake. Upande mmoja andika hali, kwa mfano "potasiamu ya mgonjwa imeshuka mno na mapigo ya moyo yanakwenda ovyo", na upande wa pili istilahi pamoja na vipande vyake. Jiulize kwa pande zote mbili. Ukikwama, vumilia kidogo kabla ya kugeuza kadi; kule kuhangaika kutafuta ndiko kunakojenga. Uliyoipata irudie kesho, kisha baada ya siku 3, kisha wiki, kisha wiki mbili, kisha mwezi. Uliyoikosa inarudi mwanzo. Siku zenyewe si amri, usikose raha ukipitiliza moja. Muhimu ni pengo liwe linaongezeka na kila mara utoe jibu kichwani kabla ya kuliona.

Programu za simu zinazopanga marudio zinafanya kazi nzuri, na ukiwa na mamia ya kadi zitakuokolea muda. Seti zilizokwisha kutengenezwa na watu wengine nazipenda kidogo zaidi kwa kurudia kuliko kwa kuanza, kwa kuwa kule kuvunja neno na kuchagua mfano mwenyewe ndiyo nusu ya kujifunza, na katika seti hizo nusu hiyo ameshaifanya mtu mwingine. Vichekesho na hadithi za kukumbushia ni vizuri kwa maneno machache sugu. Ukitunga hadithi kwa kila neno, utajikuta unakariri hadithi.

Tegemea wiki mbili za kwanza kuwa ngumu. Utajiona unajua machache kuliko zamani, kwa sababu kadi haikubembelezi kama daftari. Usirudi nyuma kwa ajili hiyo.

Kuna hali ambazo jibu langu halitoshi na unahitaji mtu ana kwa ana. Ukiona umevunja istilahi vizuri lakini bado hujui sodiamu inafanya nini mwilini, hapo shida ni somo, si msamiati. Nenda kwa mwalimu wa fiziolojia na swali mahususi mkononi. Ukiona unayatoa maneno yote nyumbani lakini mikono inatetemeka na kila kitu kinapotea ukikaa kwenye chumba cha mtihani, hiyo ni hofu ya mtihani, na mshauri wa wanafunzi anaweza kukusaidia. Kama tangu shule ya msingi herufi zimekuwa zikikubadilikia, unasoma polepole kuliko wenzako na tahajia inakutesa hata kwa Kiswahili, omba upimwe macho na pia disleksia, yaani ugumu wa kudumu wa kusoma na kuandika maneno. Watu wenye disleksia wanasomea tiba na wanaifanya vizuri, ila wanahitaji kujua wanachokabiliana nacho, na vyuo vingi vinaweza kuwaongezea muda wa mtihani. Na kama kusahau huku ni kupya, kumekuja pamoja na kukosa usingizi, huzuni isiyoisha au uchovu usioeleweka, hata ya kwenye mazungumzo yanakupotea, muone daktari kabla ya kununua kadi yoyote.

Kama hakuna hata moja kati ya hayo linalokuhusu, chukua daftari lako la sasa usiku huu, funika upande wa maana kwa karatasi, na weka alama kwenye maneno uliyoweza kuyaeleza bila kufunua. Hayo ni yako tayari. Kati ya yaliyobaki chagua 10 ya somo la kesho, uyavunje vipande, uanze nayo.